Ngazi ya 5 ya Nini?

Meza nyingi za michezo hazivunjwi na mtu mbaya. Huvunjwa na mstari mmoja wa kanuni ambao kila aliyeketi ameusoma, kila mmoja ana hakika ameuelewa, na hakuna wawili walioelewa jambo moja. Kisa ninachokisimulia hapa ni cha mfano: meza yenyewe na watu wake nimewatunga ili wabebe funzo. Lakini vitabu, masharti na hesabu zinazotajwa ni za kweli, na yeyote mwenye vitabu hivyo anaweza kuzihakiki moja baada ya nyingine.

Mchezo ni Dungeons & Dragons, toleo la tano, lililochapishwa mwaka 2014. Kwa asiyeujua: watu huketi mezani na dadu, kalamu na karatasi. Mmoja ni mwongozaji, anayesimulia ulimwengu wa kisa na kuwasemea maadui. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, ambaye nguvu zake, silaha zake na ujuzi wake vimeandikwa kwenye karatasi. Mhusika akijaribu jambo lenye mashaka, mchezaji hurusha dadu ya pande 20, kisha kanuni huamua kilichotokea. Mhusika huanza ngazi ya 1, na kikomo chake ni ngazi ya 20. Hupanda kwa pointi za uzoefu: 300 humfikisha ngazi ya 2, 6,500 ngazi ya 5, na 34,000 ngazi ya 8.

Kila ngazi huhesabiwa katika kada fulani. Kuna mpiganaji, anayeishi kwa silaha. Kuna mlozi, aliyefunga agano na nguvu ya ulimwengu mwingine na kulipwa kwa siri za kichawi. Kuna mnyemeleaji, anayepiga pale adui asipotazama. Meza ikiruhusu, mhusika mmoja huchanganya kada, ngazi mbili huku na tatu kule. Hapo mhusika anakuwa na hesabu mbili kwa wakati mmoja: jumla ya ngazi zake zote, na idadi ya ngazi zake katika kila kada. Shika hilo, maana kisa chote kimesimama juu yake.

Mezani walikuwepo wachezaji wanne, na wawili ndio wanaotuhusu. Dada mmoja alichagua mpiganaji na akaamua hatatoka katika kada hiyo. Kijana aliyeketi mkabala naye alitaka mtu wa upanga na uchawi pamoja. Ngazi 2 za kwanza alizitia kwenye upiganaji, na 3 zilizofuata kwenye ulozi. Jioni walipotimiza pointi 6,500, wote wawili wakawa ngazi ya 5: dada na 5 zake za upiganaji, kijana na 2 za upiganaji na 3 za ulozi.

Kwa mpiganaji, ngazi ya 5 husubiriwa kwa hamu. Ndipo anapopata pigo la ziada, na tangu hapo kila anaposhambulia hupiga mara mbili badala ya mara moja. Amevumilia ngazi 4 akipiga mara moja na pengine kukosa, na sasa malipo yake yamefika. Dada aliandika pigo lake kwenye karatasi kwa furaha aliyoistahili.

Kijana naye alikuwa na lake. Mlozi wa ngazi ya 3 huchagua namna ya agano lake, naye akachagua Agano la Upanga. Zaidi ya hayo, kila anapopanda ngazi ya ulozi huruhusiwa kubadilisha siri moja aliyonayo kwa nyingine. Akafungua kitabu na kuweka kidole kwenye siri iitwayo Upanga Wenye Kiu, ambayo humwezesha mlozi kupiga mara mbili kwa silaha ya agano lake. Sharti lilikuwa na mambo mawili tu: ngazi ya 5, na Agano la Upanga.

"Kaka, sharti ninalo," akamwambia mwongozaji. "Ngazi ya 5 nimefika. Agano la Upanga nimelichukua leo hii."

"Ngazi ya 5 ya mlozi au ya mhusika mzima?" dada akauliza.

"Dada, imeandikwa ngazi ya 5 tu. Na tazama mwale wangu wa kilozi. Juzi nilikuwa narusha mwale mmoja, leo narusha miwili kwa sababu nimefika ngazi ya 5. Ulozi wangu ni ngazi 3, na mwale haukuniuliza hilo."

Mwongozaji alikuwa na maadui wa kupanga na ramani ya kumalizia. "Basi sawa," akasema, "iandike."

Tumtendee haki kijana: hoja yake haikuwa ya ulaghai. Mwale wa kilozi kweli huongezeka kwa jumla ya ngazi za mhusika. Ngazi ya 5 huwa miwili, ya 11 mitatu, ya 17 minne, hata kama mwenye mwale ana ngazi 1 tu ya ulozi. Kitabu kiliandika ngazi ya 5 kwenye maelezo ya mwale, kikaandika ngazi ya 5 kwenye sharti la siri, kurasa zikiwa za kitabu kimoja na uwezo wote ukiwa wa kada moja. Msomaji mwaminifu angeamini kwamba maneno yaliyofanana yana maana iliyofanana. Kosa likaingia mezani likiwa limevaa mavazi ya mantiki.

Kwa kuwa pigo la pili alishalipata, kijana hakuona sababu ya kuongeza ulozi wala upiganaji. Ngazi 3 zilizofuata akazitia kwenye unyemeleaji, apate shambulio la kuvizia lenye dadu 2 za ziada za pande 6. Mhusika wake akafika ngazi ya 8 akiwa na 2 za upiganaji, 3 za ulozi na 3 za unyemeleaji. Alipiga mara mbili, alivizia, alirusha uchawi. Dada mwenye ngazi 8 za upiganaji aliyaona yote hayo na kuanza kujiuliza alichofaidi kwa kutulia mahali pamoja.

Kisha akaja mchezaji mgeni aliyekuwa na tabia njema ya kusoma masahihisho ya kitabu. Wachapishaji walikuwa wametoa orodha ya masahihisho, na ndani yake mstari mmoja ulitamka wazi: sharti la ngazi katika siri za mlozi linapimwa kwa ngazi za mlozi, si kwa ngazi za mhusika. Kijana alikuwa na ngazi 3 za ulozi. Alitakiwa awe na 5. Pigo la pili alilolitumia tangu ngazi ya 5 hakuwa nalo kihalali hata siku moja.

Hasara haikuishia hapo. Ili alipate sasa, ilimbidi aongeze ngazi 2 za ulozi, yaani afike ngazi ya 10, ambayo huhitaji pointi 64,000. Na pigo hilo la bandia lilikuwa limefunika pengo jingine. Katika toleo hili, kada huwapa wahusika nafasi ya kuongeza sifa zao za msingi, kama nguvu, wepesi au haiba, na nafasi ya kwanza huja mhusika anapofika ngazi ya 4 ya kada husika. Kijana alikuwa na 2, na 3, na 3. Hakuna kada hata moja aliyoifikisha ngazi ya 4. Mhusika wa ngazi ya 8 alibaki na sifa zilezile alizozaliwa nazo, wakati mpiganaji wa dada alikuwa amekwisha kuziongeza mara tatu, ngazi ya 4, ya 6 na ya 8. Pigo la pili liliposhuka, mhusika wake akaonekana alivyo: mtu wa mwanzo mara tatu.

"Mlikubali wote," kijana akasema.

"Nilikubali ulivyonisomea," mwongozaji akajibu.

"Na mimi niliyeuliza je?" akasema dada.

Hakuna aliyekuwa mwongo kati yao, na hilo ndilo lililofanya maneno yawe magumu kurudisha nyuma. Kijana alidai aachiwe uwezo wake kwa kuwa amepanga mhusika wake wote juu yake. Dada alidai haki yake, kwa kuwa alilipa ngazi 5 kwa kitu ambacho mwenzake alikichukua kwa 3. Mwongozaji alitaka tu mchezo uendelee. Jioni ile haikuendelea, na iliyofuata watu wawili hawakuja. Kisa kilichokuwa katikati kikabaki katikati.

Watu husema kwa haraka kwamba kosa ni la kijana, angesoma vizuri. Hilo halitoshi. Alisoma. Kosa lilikuwa limekaa kitabuni likimsubiri, na la kusikitisha zaidi ni kwamba waandishi wa mchezo huu walikuwa wamelijua kwa miongo kadhaa kabla kijana hajafungua ukurasa ule.

Dungeons & Dragons ulitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapwa na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani: sanduku lenye vijitabu 3. Tangu mwanzo kila kitu kilipimwa kwa ngazi. Mhusika alikuwa na ngazi. Mahandaki aliyoyaingia yalikuwa na ngazi, kila ya chini ikiwa na hatari kuliko ya juu. Mazimwi yalipangwa kwa ngazi. Uchawi nao ulikuwa na ngazi zake, ambazo hazikulingana na za mchawi mwenyewe: uchawi maarufu wa tufe la moto ni wa ngazi ya 3, lakini mchawi huupata anapofika ngazi ya 5. Hadi leo wageni hujikwaa hapo. Mtu ameambiwa yuko ngazi ya 3, ameuona uchawi wa ngazi ya 3, anaunyooshea mkono, anaambiwa bado si wako.

Gygax aliuona ufa huo kwa macho yake. Katika Player's Handbook ya mwaka 1978, aliwaeleza wasomaji bila kuficha kwamba neno hilo moja linabeba maana 4, na kwamba alikuwa amefikiria kuzitenganisha: wahusika wapewe cheo, uchawi upimwe kwa nguvu, mazimwi yawe na mpangilio wao, na ngazi ibaki kuwa ya mahandaki peke yake. Kisha akaliacha wazo hilo kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuzoea. Mazoea yakashinda uwazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu umejengwa na meza moja baada ya nyingine.

Si kwamba hakuna aliyewahi kuuziba. Wizards of the Coast waliinunua TSR mwaka 1997, na mwaka 2000 wakatoa toleo la tatu, lililoandikwa na Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams. Toleo hilo liliufungua mlango wa kuchanganya kada kwa upana mkubwa, na kwa hiyo waandishi wake walilazimika kuwa waangalifu. Walitaja. Kipaji cha ubingwa wa silaha kilidai ngazi ya 4 ya mpiganaji. Kipaji cha uongozi kilidai ngazi ya 6 ya mhusika. Vipaji vya kutengeneza vitu vya kichawi vilidai ngazi ya mtu kama mtenda uchawi: ya 3 kwa dawa za kunywa, ya 5 kwa fimbo. Masharti ya toleo hilo yalikuwa marefu, na mengine yalishikana kama mnyororo, kipaji hiki kikidai kile na kile kikidai kingine. Lakini aliyeyasoma alijua anadaiwa ngazi ya nini.

Toleo la nne la mwaka 2008 lilichukua njia nyingine. Wahusika walipanda hadi ngazi ya 30, na ngazi ya uwezo ililinganishwa na ngazi ya mhusika, kiasi kwamba shambulio la ngazi ya 5 lilikuwa la mhusika wa ngazi ya 5. Kada hazikuchanganywa ngazi kwa ngazi, zilichanganywa kwa vipaji maalumu. Hesabu mbili zikawa moja, na swali likafa kwa kukosa pa kusimama.

Kisha likaja toleo la tano, likarudisha uchanganyaji wa ngazi kwa ngazi, lakini halikurudisha uangalifu wa mwaka 2000. Sababu yake inaeleweka. Toleo hili lilitaka lugha nyepesi, fupi, isiyomwogopesha anayeanza. Na katika kitabu cha 2014 kuchanganya kada kuliwekwa kama kanuni ya hiari, iliyoelezwa katika sura yake ya mbali. Kurasa za mlozi ziliandikwa kana kwamba mlozi ni mlozi tu tangu ngazi ya 1 hadi ya 20, na kwa mtu huyo ngazi ya mhusika na ngazi ya kada ni namba ileile. Sharti fupi lilimtosha. Lakini hiari hiyo wachezaji wengi waliichukua, na ukurasa ulioandikiwa mtu wa kada moja ukasomwa na mtu wa kada tatu. Neno lililopunguzwa ili kurahisisha likawa ndilo lililohitajika.

Ni kama tangazo la kazi linalodai uzoefu wa miaka 5 bila kusema wa kazi gani. Mwenye tangazo anajua anachotaka, anatafuta dereva wa malori. Anayekuja ameendesha bodaboda miaka 5, na maandishi yanamkubali. Huwezi kumfukuza kwa ujeuri, umemwita mwenyewe.

Sasa, je, sahihisho lenyewe lilikuwa la haki? Lilikuwa la haki, na inafaa tuelewe kwa nini, kwa sababu asiyeelewa sababu ya sharti huliona kama ukatili wa mwandishi. Tazama nani wengine hupata pigo la pili. Mpiganaji hulipata ngazi ya 5 ya kada yake. Vivyo hivyo wengine wa silaha katika kitabu hicho: shujaa wa hasira, askari wa kiapo, mlinzi wa nyika na mtawa. Kila mmoja amelipa ngazi 5 za kada moja. Upanga Wenye Kiu ni njia ya mlozi kufika mahali palepale, na bei yake haina budi kuwa ileile. Ukiipima kwa jumla ya ngazi, mlozi wa ngazi 3 ananunua kwa 3 kile ambacho wote wanalipia 5, na ngazi 2 zilizobaki anazitumia kununua kingine. Uaminifu wa kukaa katika kada moja unakosa thamani, na dada yetu anakuwa mjinga kwa sababu tu alikuwa mvumilivu.

Mwale nao una haki yake ya kupimwa kwa jumla. Mwale ni silaha ya kila siku ya mlozi, inayorushwa bila gharama, na maadui huwa wakubwa kadiri kundi zima linavyopanda. Mtu aliyetia ngazi zake chache katika ulozi angebaki na silaha isiyomuumiza yeyote. Kwa hiyo mambo haya mawili yana sababu mbili tofauti na vipimo viwili tofauti, na vyote viwili ni sahihi. Kilichokosekana ni kuandikwa.

Mwaka 2024 kitabu kipya cha mchezaji kilitoka, na humo sharti la Upanga Wenye Kiu linamtaja mlozi kwa jina: ngazi ya 5 au zaidi ya mlozi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Pathfinder, mchezo wa kampuni ya Paizo uliozaliwa kutokana na toleo la tatu, ulirekebisha vitabu vyake na kuacha kuupima uchawi kwa ngazi. Sasa uchawi una daraja lake, na ngazi imeachiwa wahusika na wengine. Kutoka 1978 hadi 2023 ni miaka 45. Kitu ambacho Gygax alikifikiria na kukiacha kwa sababu watu walizoea, kimefanywa, na watu wamezoea tena.

Funzo la kwanza ni la mchezaji. Ukichanganya kada, usiandike namba moja juu ya karatasi yako. Andika jumla, kisha chini yake ngazi za kila kada, na mbele ya kila uwezo weka alama ya hesabu inayoufungua. Katika toleo la tano bonasi ya umahiri hufuata jumla, ikianza 2 na kupanda ngazi ya 5, ya 9, ya 13 na ya 17 hadi kufika 6. Miale hufuata jumla. Pigo la ziada, siri za mlozi na nafasi za kuongeza sifa hufuata kada. Ukishaviona vimepangwa hivyo, huwezi kufika ngazi ya 8 bila kujua kwamba hujawahi kuongeza sifa hata mara moja. Na usijenge mhusika mzima juu ya uwezo mmoja ambao sharti lake hujalihakiki. Uliza siku ya kupanga, usisubiri siku ya kupanda.

La pili ni la mwongozaji. Hakuwa na lazima ya kujua masahihisho yote. Alikuwa na lazima ya kusimama pale dada alipouliza. Sharti likiwa kimya, kuna swali moja linalotatua mengi: nani mwingine anaupata uwezo huu, naye amelipa nini? Mwongozaji angelijibu mezani hapohapo, kwa kuwa mfano ulikuwa umeketi mbele yake, mpiganaji mwenye ngazi 5 kamili. Ukishaamua, andika uamuzi na tarehe yake mahali ambapo kila mtu atauona. Uamuzi wa mdomo huyeyuka, kisha kila mmoja anaukumbuka kwa upande wake.

Na ikitokea umekosea, usimwache aliyekuamini abebe kosa peke yake. Kijana alikuwa na ngazi 8. Angeruhusiwa kuzipanga upya, 3 za upiganaji na 5 za ulozi zingempa pigo la pili kihalali kabisa, pamoja na nafasi moja ya kuongeza sifa aliyoipata kwenye ngazi ya 4 ya ulozi. Dawa ilikuwepo kwenye karatasi yake tangu mwanzo. Dada asingepinga, maana sasa mwenzake amelipa bei ileile. Walibishana nani ana haki, na hakuna aliyegeuza karatasi kuhesabu upya.

La tatu ni la wanaoandika kanuni, na hawa ndio ninaowasihi zaidi. Vijana wengi sasa wanatunga michezo yao wenyewe na ulimwengu wao wenyewe, na wengine wangependa kuitunga kwa Kiswahili. Wanayo nafasi ambayo Gygax aliiacha ipite. Lugha yetu ina ngazi, daraja, cheo, kiwango na hatua. Mpe mhusika ngazi, uchawi daraja, adui kiwango, na usivichanganye tena tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kila utakapoandika sharti, lisome kama mtu aliyechanganya kada tatu na anayetafuta mlango. Likimruhusu mahali usipokusudia, kosa ni lako, nawe unaweza kulirekebisha kwa neno moja kabla halijafika mezani kwa mtu.

Ndugu mwandishi, ufupi ni mzuri, lakini usipunguze neno linalobeba haki ya mtu. Ukiandika ngazi ya 5, taja ya nini.